Mama mdogo alianza na ukurasa wa mwisho: tuzungumze kuhusu wasomi wanaochunguza hadithi za mapenzi

#1 BintiNgamiani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu, mwenye chai aiweke karibu.

Mama mdogo wangu alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga. Barazani kwake palikuwa na cherehani ya kukanyaga, benchi la wateja, na sanduku la bati lenye vipande vya vitambaa juu na magazeti chini. Magazeti hayo ndiyo yaliyonifundisha kusoma kwa sauti. Kila wiki toleo jipya likishuka na basi la kutoka Dar, yeye mikono yote iko kwenye kitambaa, kwa hiyo kazi ya kusoma ikawa yangu. Nilikaa mkekani, miguu yake ikikanyaga karibu na sikio langu, nikasoma hadithi ya mapenzi iliyokuwa kurasa za kati. Sikuhitaji kumtazama usoni kujua kwamba tumefika patamu, maana cherehani ilinyamaza yenyewe. Halafu namsikia: "Rudia hapo." Narudia. Wateja waliofuata magauni yao walikaa benchini mpaka nimefika kwenye "itaendelea toleo lijalo", kisha wakabishana kuhusu yule mwanaume mpaka adhana ya magharibi.

Kwa vile vitabu vyembamba vya mapenzi vilivyouzwa stendi alikuwa na desturi yake. Kabla hajatoa pesa alifungua ukurasa wa mwisho, akausoma wote palepale amesimama, ndipo akaamua anunue au asinunue. Muuzaji alikuwa akimwambia, "Mama, unajimalizia utamu." Hakujali.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma shahada ya pili ya fasihi, nikakutana na kitabu cha Janice Radway, msomi wa Marekani, kilichotoka mwaka 1984: *Reading the Romance*. Radway alikwenda kwenye mji mmoja wa katikati ya Marekani, akaupa jina la bandia, Smithton. Huko alikuwepo mama mmoja aliyefanya kazi kwenye duka la vitabu, ambaye wateja walimwamini kuliko tangazo lolote. Akisema kitabu hiki chukua, wanachukua. Akisema hiki kiache, kinabaki rafuni. Radway akamwita Dot, nalo ni jina la bandia. Kupitia kwake akawapata wasomaji, 42 wakajaza dodoso lake, na 16 kati yao akakaa nao na kuzungumza nao kwa kirefu.

Nikafika mahali anapoeleza kwamba wapo kati yao waliokuwa wakisoma mwisho wa kitabu kabla ya kukinunua, wahakikishe hawatauziwa huzuni. Nikakiweka kitabu chini. Nikamwona mama mdogo stendi ya Tanga, pochi kwapani, ukurasa wa mwisho mkononi.

Siku hiyo ndiyo nilijua ninachotaka kuchunguza. Nikapeleka wazo kwa aliyekuwa akinisimamia, nikaambiwa hizo ni hadithi za udaku, tafuta mwandishi wa maana. Nikaandika kuhusu mwandishi wa maana, nikafaulu, lakini donge halijashuka mpaka leo. Nafungua uzi huu kwa sababu naamini jambo moja kwa dhati: mtu anayesoma hadithi za mapenzi anajua anachokifanya, na elimu hii haikuanza kutuambia kitu cha maana mpaka pale mtafiti alipokwenda kumuuliza.

Karibuni.

#2 Kalamu Kavu

Mkuu, naheshimu kumbukumbu za mama mdogo. Ila niseme ukweli wangu kama mzazi wa mabinti wawili. Hizi hadithi zinawaharibu watoto wa watu. Msichana anakua akidhani mwanaume mkali asiyeongea ndiye mwenye mapenzi ya kweli, kwamba akivumilia atambadilisha. Anaingia kwenye ndoa na matarajio ya kitabuni. Hao wasomi wanalisema hilo, au wanazisifia tu?

#3 BintiNgamiani

Mkuu Kalamu Kavu, hoja yako ndiyo waliyoanza nayo wao. Kwa hiyo hauko peke yako.

Biashara yenyewe ya kuchapisha vitabu hivi ni ya zamani. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, Harlequin ikaanza Winnipeg, Kanada, mwaka 1949, na mwaka 1971 Harlequin ikainunua Mills & Boon. Vitabu vikawa vinatoka kila mwezi kama magazeti, vinauzwa hata madukani unakonunua sabuni. Wasomi wa fasihi walivipita pembeni. Waliokuja kuvitazama kwanza ni wanaharakati wa haki za wanawake, na wengi walikuja na fimbo. Germaine Greer, mwaka 1970, aliandika kwamba wanawake wenyewe ndio wanaoipenda minyororo yao kupitia hadithi kama hizi. Mwaka 1979 Ann Snitow akaandika makala iliyoziita hadithi hizi ponografia ya wanawake. Ukiisoma yote unagundua ni mtu mwenye huruma zaidi kuliko kichwa cha makala yake.

Mwaka 1982 akaja Tania Modleski, na hapa ndipo wasiwasi wako unapopata jibu la kwanza. Modleski aliuliza: kwa nini mwanamke anafurahia kumsoma mwanaume mwenye dharau na maneno makali? Akajibu kwamba msomaji anajua kitu ambacho msichana wa hadithini hakijui. Anajua kwamba yule bwana atapiga magoti. Kila dharau ya ukurasa wa 20 inahesabiwa, italipwa ukurasa wa 180. Kwa Modleski raha ile ina kisasi ndani yake. Barazani kwa mama mdogo nililisikia hilohilo bila nadharia. Mteja mmoja alikuwa na msemo wake kila mwanaume wa hadithi akifanya jeuri: "Mwache, zamu yake inakuja."

Kisha Radway. Yeye alifanya jambo dogo ambalo wenzake hawakulifanya: aliuliza. Wengine walisoma vitabu wakaamua wenyewe kwamba msomaji anapata hiki au kile. Yeye alipowauliza kina mama wa Smithton mnasoma ili iweje, hawakuanza na mwanaume wala busu. Walianza na muda. Asubuhi ni watoto, mchana ni nyumba, jioni ni mume. Ukishika kitabu, familia inajifunza kwamba kwa nusu saa hii mama hapatikani. Radway akakata shauri kwamba lazima tutenganishe tendo la kusoma na kile kinachosomwa. Tendo lenyewe ni mgomo mdogo wa mtu anayewahudumia watu siku nzima na hakuna anayemhudumia yeye. Kinachosomwa, kwa maoni yake, kinamrudisha kwenye ndoa ileile akiwa ametulia. Mambo mawili yanayovutana ndani ya mtu mmoja, naye hakuyalazimisha yapatane.

Tena wanawake wale hawakumeza kila kitu. Walichukia ubakaji hadithini. Walichukia mwisho wa huzuni, na mwanaume anayeruka kitanda hiki mpaka kile. Walipoulizwa wanapenda nini kwa mhusika wa kike, jambo la kwanza lilikuwa akili. Na kiungo namba moja cha hadithi nzuri kilikuwa mwisho mwema, kisha mapenzi yanayokua polepole, hatua kwa hatua. Huyo ni msomaji mwenye vigezo, mkuu, na vigezo hivyo hakufundishwa darasani.

Kuhusu mabinti zako, sikuambii usiwe na wasiwasi. Radway mwenyewe alikuwa nao. Nakuomba tu uwaulize wamesoma nini na wamekiona vipi, kabla ya kuamua kimewafanya nini.

#4 Mzee wa Kurasa

Binti, uzi mzuri. Mimi ni mtu wa miaka ya sabini na themanini. Nimenunua vitabu vidogo mitaani Dar, nikavisoma ndani ya treni ya reli ya kati mpaka vikaachana kurasa. Swali langu ni moja. Hao Wazungu wanasema hadithi ya mapenzi lazima iishe vizuri. Zetu mbona ziliishia makaburini au jela? Kijana anatoka kijijini, anampenda mwanamke wa mjini, mwanamke anamla pesa, kijana anaua au anauawa. Kitabu kimeisha. Nilisoma kumi, nane zilikuwa hivyo. Je, zetu si hadithi za mapenzi?

#5 BintiNgamiani

Mzee wangu, shikamoo. Umegusa mfupa.

Maana ya hadithi ya mapenzi inayotumika sana na wasomi wa Kiingereza inatoka kwa Pamela Regis, kitabu chake cha mwaka 2003. Anasema hadithi hii inasimulia uchumba mpaka ahadi ya ndoa, na ina mambo manane yasiyokosekana: jamii wanamoishi, kukutana, kizuizi, mvuto, kutamka mapenzi, mahali pale ambapo mapenzi yanaonekana yamekufa kabisa, kutambua ukweli unaoondoa kizuizi, na kuahidiana. Anaanza na *Pamela* ya mwaka 1740, anapita kwa Jane Austen, anafika kwenye vitabu vya siku zetu. Hoja yake ya msingi ni kwamba mwisho mwema haumfungi mwanamke. Mwanamke anafika kwenye mwisho ule baada ya kizuizi kuvunjika, na anachokifurahia msomaji ni ule uhuru wa kuchagua. Pia alimkosoa Radway waziwazi kwamba alitoa hukumu juu ya aina nzima ya fasihi kwa kutazama vitabu vichache.

Sasa chukua kipimo cha Regis ukiweke juu ya vitabu vyako vya kwenye treni. Mambo saba yanatimia. La nane halipo, kuna jeneza.

Mimi sikubali kwamba tuseme basi hivyo si vya mapenzi. Nauliza kwanza nani aliviandika, na alikuwa anamwandikia nani. Hapa kuna kazi nzuri. Rajmund Ohly, Mpolandi aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1981 kitabu kuhusu nathari ya Kiswahili ya miaka ya sabini, akakiita *Aggressive Prose*, yaani nathari yenye ukali. Aliviona vitabu hivi mapema, wakati wengine walikuwa bado wanavikunjia pua. Halafu mwanahistoria Emily Callaci, katika makala na kitabu chake cha mwaka 2017, akafuatilia wachapishaji wa mkoba wa Dar kati ya 1975 na 1985. Anaonyesha vijana wa kiume, wengi wao wahamiaji mjini, wanaandika, wanatafuta karatasi wakati karatasi ni adimu, wanachapisha kwa kuunga unga, wanatembeza wenyewe barabarani. Hawakuwa na shirika nyuma yao, walikuwa na mkoba na marafiki.

Ukilijua hilo, jeneza linaeleweka. Mwandishi ni kijana asiye na kazi ya uhakika katika mji ambao serikali ilikuwa ikimwambia arudi shamba akalime. Hofu yake yote kaiweka juu ya mwanamke wa mjini mwenye kiatu kirefu. Kile kitabu ni hadithi ya mapenzi iliyoandikwa na aliyeogopa kupenda. Kwa hiyo mzee, nadhani ulisoma mapenzi kweli, ila uliyasoma kutoka upande mmoja wa kitanda.

Na msisahau kulikuwa na macho yanayotazama. Mwaka 1971 Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika*, riwaya ya binti aliyelelewa kwa ukali wa baba mpaka akaangukia kwenye uhuru asioujua. Ikazuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ya yale yaliyomo. Ile ni riwaya dhati, yaani ya fasihi nzito, si pendwa ya kuburudisha, na bado iliogopwa. Sasa fikiria mwandishi wa mkobani angewezaje kumalizia kitabu chake kwa furaha baada ya penzi la nje ya ndoa. Kifo cha mwisho kilikuwa pia kibali cha kuandika yale ya katikati.

Baadaye mambo yaligeuka. Magazeti binafsi yalipoongezeka kuanzia miaka ya 1990, hadithi zikahamia humo. Uta Reuster-Jahn, msomi Mjerumani, aliandika katika jarida la *Swahili Forum* mwaka 2008 kuhusu hadithi za mfululizo za magazetini, akimchukua Eric Shigongo kama mfano, na akamhoji mwenyewe. Hapo ndipo mama mdogo anapoingia, maana sasa aliyeshika gazeti ni mwanamke barazani na si kijana ndani ya treni. Na ndipo ninapolalamika. Tunao waliohoji waandishi, tunao waliochambua matini. Mimi nataka yule wa benchini, aliyekuja kuchukua gauni akabaki mpaka magharibi.

#6 Kibibi wa Ng'ambo

Assalaam alaykum jamvini. Mie niko Unguja. Da Binti, umenikumbusha bibi yangu. Yeye hakusoma vitabu, macho yake yalikuwa kwenye filamu za Kihindi. Walikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, wanakwenda na mabuibui yao, wanalia huko, wanarudi wanaimba. Alimjua Raj Kapoor kama jirani. Wasomi wameligusa hilo?

#7 BintiNgamiani

Waalaykum salaam dada Kibibi. Wameligusa, tena vizuri. Kuna kitabu kiitwacho *Love in Africa*, kilichohaririwa na Jennifer Cole na Lynn Thomas, mwaka 2009. Ndani yake Laura Fair ana sura kuhusu filamu za Kihindi na watazamaji wa Zanzibar miaka ya 1950 na 1960. Alikwenda kwa watu waliozitazama, akawaacha wakumbuke. *Awara* ya mwaka 1951 haikuwa kwao filamu ya Wahindi wa mbali. Ilikuwa inaonyesha nyumba yenye mzazi mwenye amri na kijana mwenye moyo wake, na nyumba hiyo waliijua. Wakitoka sinema walikuwa na mfano mkononi wa kuzungumzia jambo ambalo huwezi kumwambia baba uso kwa uso: kwamba fulani simtaki, namtaka fulani.

Bibi yako na mama mdogo wangu walikuwa wanafanya kazi moja.

#8 Mkaazi wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Msitusahau Wakenya. Marehemu baba alikuwa na vitabu vya David Maillu, vile vya Comb Books vya miaka ya 1970, *After 4.30* na vingine. Alivificha juu ya kabati na sote tulijua viko wapi. Ni Kiingereza, lakini cha kusomeka na karani yeyote. Na nilivyosikia, kwenu Tanzania vilipigwa marufuku.

#9 BintiNgamiani

Ni kweli ndugu yangu, vilipigwa marufuku huku. Na ndiyo maana nataka twende Kano, kaskazini mwa Nigeria, kwa sababu huko yaliyotokea ni makubwa zaidi.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana wa Kano, wasichana kwa wavulana, walianza kuandika vitabu vidogo vya mapenzi kwa Kihausa, wakavichapisha kwa pesa zao na kuviuza sokoni. Vinaitwa *littattafan soyayya*, yaani vitabu vya mapenzi. Kilichonigusa ni idadi ya wanawake walioshika kalamu, wake za watu, wengine hawakumaliza shule. Balaraba Ramat Yakubu ni mmoja wao. Yeye mwenyewe aliozwa akiwa msichana mdogo, na riwaya yake *Alhaki Kuykuyo Ne* ya mwaka 1990 inamhusu mwanamke anayefukuzwa na mumewe pamoja na watoto baada ya mume kuoa kahaba. Mama yule anaanza kuuza chakula, anasimama. Mwaka 2012 ikatolewa kwa Kiingereza na wachapishaji wa Chennai, India.

Humo mapenzi si mapumziko ya jioni. Ni hoja ndani ya ndoa ya kulazimishwa na ndoa ya mitala, inayosemwa na aliyemo ndani. Wakubwa waliielewa hivyo hivyo, ndiyo maana mwaka 2007 uongozi wa jimbo la Kano ulichoma vitabu hivyo hadharani kwenye shule ya wasichana. Abdalla Uba Adamu, Graham Furniss, Novian Whitsitt, Brian Larkin, wote hao wameandika kuhusu fasihi hii. Larkin, kama Fair, anaonyesha filamu za Kihindi zilivyowapa vijana wa Kano njia ya kuwazia mapenzi bila kuiga Magharibi. Dada Kibibi, bibi yako alikuwa na wenzake Kano.

Sasa niseme pale ninapotofautiana na Radway, pamoja na heshima yote niliyonayo kwake. Nadharia yake imesimama juu ya mwanamke aliye peke yake. Kitabu ni ukuta, nyuma yake mama anapumzika. Mwaka 1991 alitoa utangulizi mpya akaikosoa kazi yake mwenyewe, na nampenda kwa hilo, lakini msomaji wake alibaki mtu mmoja na kitabu kimoja sebuleni. Barazani Ngamiani hapakuwa na ukuta. Kitabu kilikuwa kimoja, masikio sita au saba, na msomaji alikuwa mtoto wa darasa la sita asiyejua nusu ya anachokisoma. Nikifika kwenye neno zito wananikatiza: "Hapo pita, endelea." Nikipita, wote wanajua nimepita nini. Mmoja anasema mwanaume huyu ni kama wa fulani, mwingine anamkanyaga mguu kwa sababu dada wa fulani yupo. Mambo ya mtaa mzima yalisemwa kupitia watu wasiokuwepo duniani. Yule mteja mwenye "zamu yake inakuja", mumewe alikuwa na nyumba ya pili Korogwe, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Walimuuliza kuhusu hadithi.

Huo si mgomo wa kujifungia. Sina jina la kitaalamu la kuupa, na sitaki kuukopea. Nataka kwanza uandikwe jinsi ulivyokuwa.

Mwenye kutaka kusoma zaidi, kuna jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa hadithi za mapenzi, na mwaka 2010 wakaanzisha jarida lao, *Journal of Popular Romance Studies*. Linasomwa bure mtandaoni. Watu wanaandika humo bila kuomba radhi kwa kuchagua mada hii, na baada ya yaliyonikuta, mara ya kwanza nilipolifungua nilikaa nalo mpaka usiku wa manane.

#10 Kalamu Kavu

Wakuu, nimerudi. Dada BintiNgamiani, jana usiku nilifanya ulichosema, ila nilianza na mke wangu. Nilikuwa najua yumo kwenye kundi la WhatsApp la simulizi, nilikuwa sijui kwamba analipia. Mtunzi anarusha sehemu chache bure, zikinoga anasema mwenye kutaka zilizobaki atume pesa kwa simu. Nikamuuliza, unapata nini humo? Nilitegemea aseme mapenzi.

Akasema: "Kuna wanawake 200 humo ndani, na hakuna hata mmoja anayeniuliza tutakula nini."

Nikanyamaza. Kisha akanisomea sehemu mbili kwa sauti. Sitaki kusema zaidi ila tulichelewa kulala, tulikuwa tunabishana kuhusu shemeji wa kwenye hadithi.

Mabinti nitawauliza wakirudi likizo.

#11 Mzee wa Kurasa

Kalamu Kavu, hapo umenifurahisha. Binti, je, mama mdogo yu hai? Umewahi kumuuliza yeye?

#12 BintiNgamiani

Mzee wangu, umenikamata. Nimeandika maneno yote haya, nimewalaumu walioshindwa kuuliza, na mwenyewe sikuwahi kumuuliza. Baada ya kusoma swali lako nilimpigia. Yu hai, macho yamepungua nguvu, cherehani amempa mkwewe.

Nikamwambia, Mamdogo, kwa nini ulikuwa unaanza na ukurasa wa mwisho? Nilidhani ataniambia lile la Smithton, kwamba hakutaka huzuni. Alicheka kwanza. Akasema, "Mwanangu, huzuni nilikuwa nasoma. Nilinunua vingi tu vya huzuni. Nilitaka nijue mapema, ili nisikate kitambaa cha mtu siku hiyo. Siku ya kilio nilishona mapindo."

Nimelifikiria jibu hilo tangu jana. Kwenye dodoso lolote nililowahi kuliona, angewekewa alama kwenye kisanduku cha "hupenda mwisho mwema", na kisanduku kingekuwa kimedanganya.

Kisha akaniuliza yeye swali. Kulikuwa na hadithi moja, nilikuwa nikiisoma wiki hadi wiki, ya nesi aliyeolewa na daktari wa wilaya huku moyo uko kwa dereva wa lori la pamba. Ikabaki sehemu moja iishe. Wiki hiyo mimi nikaondoka kwenda shule ya bweni, na barazani hapakuwa na mwingine wa kusoma. Gazeti akalinunua hata hivyo, akaliweka sandukuni kunisubiri. Niliporudi likizo sanduku lilikuwa limelowa mvua, kurasa zimeshikana kama mkate.

"Yule nesi," akaniuliza, "alikwenda na nani?"

Nikamwambia sijui. Akasema basi, hakuna neno, ila sauti ilishuka.

Wakuu, ilikuwa kati ya mwaka 2002 na 2003, gazeti la kila wiki, hadithi ukurasa wa 6 au wa 7, na kichwa chake kilikuwa na neno "pamba". Wiki ijayo naenda Dar kutafuta magazeti ya zamani maktaba. Kama kuna mwenye sanduku la mama yake, shangazi yake, au bibi yake, naomba alifungue aangalie. Sehemu ya mwisho tu inatosha. Nitamsomea kwa simu.